Karani wa forodha: namna ya kumsimamia na kumpa motisha

Mfanyakazi wa maarifa ni yule ambaye nyenzo yake ya kazi ni ujuzi alionao kichwani. Mtaalamu wa menejimenti Peter Drucker alianza kutumia dhana hiyo mwaka 1959. Katika biashara ya mipakani, mfano wake ni karani wa forodha katika kampuni ya uwakala. Yeye ndiye anayeainisha bidhaa, kukagua cheti cha uasili na kujaza tamko.

Uzito wa kazi yake

Tangu Julai 2022, Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne vikuu: asilimia 0, 10, 25 na 35. Mzigo wa dola 20,000 ukitozwa asilimia 35 badala ya 25, mwenye mali hulipa dola 2,000 zaidi. Ukiwekwa kiwango cha chini kimakosa, kuna hatari ya faini na lori kuzuiliwa.

Aidha, kazi yenyewe inabadilika. Misimbo ya bidhaa ya Shirika la Forodha Duniani ilitolewa upya mwaka 2007, 2012, 2017 na 2022. Himaya Moja ya Forodha ilipoanza mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Kampala au Kigali ukawa unalipwa mzigo ungali Mombasa au Dar es Salaam.

Mambo ya kuzingatia

1. Majukumu yaeleweke. Karani anayetumwa kutwa nzima kupeleka karatasi hapati muda wa kusoma ankara.

2. Apewe uhuru na wajibu. Mteja akishinikiza msimbo wa bei nafuu, karani aweze kukataa bila kuogopa kufukuzwa. Penye utata, forodha iombwe uamuzi wa awali kwa maandishi.

3. Asomeshwe. Upo mtaala wa kikanda wa mawakala, unaotoa cheti cha EACFFPC.

4. Apimwe kwa ubora. Hesabu matamko yaliyopita bila kurudishwa, si wingi wake tu.

5. Atunzwe. Akihama, ujuzi unahama naye. Mshahara na bonasi vilingane na hasara anayoizuia, na sababu za kila uainishaji mgumu ziwekwe kwenye jalada.

Mfanyabiashara anayetafuta wakala asiulize bei peke yake. Aulize pia nani hasa atakayeainisha mzigo wake, na amedumu hapo kwa muda gani.