Foleni ya Printa: Ndoo Mbele ya Mfereji

"Mwalimu, printa imekufa." Ndivyo alivyonipokea kijana wa duka moja la steshenari pale Darajani, asubuhi ya Jumatatu, watu saba wameshajaa mbele ya kaunta. Mwanafunzi wa chuo kashika flashi yenye utafiti wake, mama mmoja anataka fomu ya skuli ya mwanawe, na wengine wameshaanza kutazama saa. Nikaiangalia printa. Taa ya kijani inawaka, karatasi zimo, wino umo. Nikakaa kwenye kompyuta ya duka, ambayo inatumia Linux, nikafungua dirisha la amri na kuandika lpstat -o. Zikashuka kazi kumi na moja, kuanzia duka-212 hadi duka-222. Ya juu kabisa ilikuwa mabango ya harusi yaliyotumwa jioni iliyopita. Karatasi ilikwama, mtu akaichomoa, mashine ikapona, lakini hakuna aliyeiambia kompyuta. Nikaandika cancel duka-212, kisha cupsenable duka. Printa ikaanza kunguruma, na yule mama akapata fomu yake.

Kwa hiyo printa ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichosimama ni kitu kingine, na kitu hicho kijana hakuwa na jina lake. Yeye anaijua ile mashine mpaka meno ya magurudumu yake, anaifungua na kuifunga kama mtu anayefungua mkebe wa biskuti. Lakini katika msamiati wake vyote viwili, mashine na kinachosubiri kuingia katika mashine, ni "printa". Alikuwa ameshaizima na kuiwasha mara nne.

Kiingereza kinakiita hicho cha pili print queue. Neno la pili kati ya hayo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa asili yake ni mkia. Kiswahili chetu kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo, na kila moja lina historia yake.

Safu ni la kwanza kuja akilini, nalo ndilo la kwanza kuliacha. Safu ni ya msikitini: watu bega kwa bega, na wote hurukuu kwa pamoja. Hakuna anayehudumiwa kabla ya mwenzake. Mstari tunao skuli, wanafunzi wanapangwa mstari kabla ya kuingia darasani, lakini kwenye kompyuta neno hilo limeshashikwa na mstari wa maandishi. Mlolongo ni zuri, ila kwa jirani zetu wa Kenya lina kumbukumbu chungu ya 1988, pale wapiga kura walipotakiwa kujipanga nyuma ya wagombea wa KANU badala ya kupiga kura ya siri. Msururu unanionesha siafu: unakwenda, hausubiri.

Imebaki foleni. Kuna watakaolikataa kwa kuwa asili yake ni Kiingereza. Mimi silikatai. Chapa tuliipata kwa Wahindi na meza kwa Wareno, na hakuna anayeyaona hayo kuwa mageni nyumbani mwake. Foleni limeingia katika maisha yetu hasa. Ndani yake mna zamu, na zamu ndiyo roho ya jambo hili: aliyetangulia anatangulia, na ukitoka bila kuaga nafasi imekwenda.

Picha iliyonisaidia zaidi kulifafanua kwa kijana yule ni ya mferejini (bara watasema bombani). Maji yakiwa ya mgao, mtu haendi kusimama pale saa tatu nzima. Anapeleka ndoo. Ndoo inakaa kwenye foleni kwa niaba ya mwenyewe, naye anarudi nyumbani kupika. Kazi iliyotumwa printa ni ndoo hiyo. Mwenye faili ameshafunga dirisha lake, pengine ameshatoa flashi, lakini ndoo yake imo katika mpangilio, ikiwa na jina la foleni na namba. Ndoo ya mbele ikiziba mdomo wa mfereji, zilizo nyuma hazitajazwa hata kama maji yapo tele.

Hapo ndipo amri za CUPS zinapoeleweka bila kukaririwa. CUPS ndio mfumo wa kuchapa unaotumika kwenye Linux na kwenye Mac. Ulianzishwa na Michael Sweet, ukatolewa kwa umma 1999, na Apple ikaununua 2007. Una amri mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ukiandika cupsdisable duka, umefunga mfereji: hakitoki kitu, lakini ndoo mpya zinaendelea kupangwa. Ukiandika cupsreject duka, mfereji unamwaga kama kawaida, ila ndoo mpya haipokewi, kama benki inapofunga mlango saa ya kufunga na waliokwisha kuingia wakaendelea kuhudumiwa. Ya kwanza naiita kusimamisha foleni, ya pili kufunga foleni. Mwenye duka anayetaka kubadilisha wino anahitaji kusimamisha. Anayekaribia saa ya kwenda nyumbani anahitaji kufunga. Akikosea, ama atawafukuza wateja bure ama atakuta asubuhi rundo la kazi za watu asiowajua.

Kwa cancel Kiswahili kina neno linalokaa vizuri sana: kughairi. Mtu ameghairi, amebadili nia, ameondoa ndoo yake. Lakini mimi nilipoyatoa mabango ya harusi ya mtu mwingine sikughairi, niliondoa. Mfumo hautofautishi, sisi tunaweza.

Hata jina la mashine yenyewe lina mtihani. Kamusi inatupa kichapishi, nalo ni neno zuri, ila Darajani halisikiki. Nikajaribu "foleni ya kuchapa", nikaona tatizo kwenye vibao vya maduka yenyewe: "tunachapa, tunaprinti". Dukani kuchapa ni kubonyeza herufi kwenye kibodi, kama ilivyokuwa kwenye taipureta. Kuchapisha nako kumeelekea kwenye vitabu na magazeti. Ndiyo maana nimeridhika na foleni ya printa. Maneno yote mawili yanajulikana, na kuyaweka pamoja kunalazimisha kukiri kwamba ni vitu viwili.

Kiingereza chenyewe hapa hakijajipanga. Amri ya kusajili printa katika CUPS ni hii: lpadmin -p duka -E -v ipp://192.168.1.20/ipp/print -m everywhere. Baada ya -p linakuja jina, na maelezo ya mfumo hulitaja kuwa la printa. Kwa hakika ni la foleni. Mashine inatajwa mbele, baada ya -v, kwa anwani yake kwenye mtandao. Unaweza kuipa mashine moja foleni mbili, duka kwa nyeusi na duka-rangi kwa picha, na kinyume chake ukaweka foleni moja mbele ya mashine tatu, ile itakayokuwa huru kwanza ichukue ndoo inayofuata. Hiyo -E nayo itazamwe: ikikaa baada ya jina inaanzisha foleni na kuifungua, ikikaa kabla yake inadai mawasiliano yafichwe kwa siri. Herufi moja, maana mbili, kwa ajili ya nafasi tu.

Amri hizi hazitafsiriwi. lpstat ni lpstat Darajani kama ilivyo Beijing. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice 2004, menyu zilisema Kiswahili, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwenye dirisha la amri hakuna menyu. Kiswahili kinaweza kukaa mahali pamoja tu, kichwani mwa anayeandika amri, na akikosa neno pale atazima na kuwasha mashine siku nzima.

Ombi langu ni kwa wanaoandika vitabu vya kompyuta vya skuli, na kwa BAKIZA na BAKITA wanaoidhinisha istilahi: ingizeni foleni ya printa kama istilahi inayojitegemea, isiwe maelezo madogo chini ya printa, na wekeni pamoja nayo kusimamisha, kufunga na kughairi. Na wewe mwenye duka, siku printa itakaponyamaza na taa inawaka, usiguse swichi. Andika lpstat -t kwanza, usome foleni inasema nini.