Jina Lililoandikwa: Kitabu cha Chanjo na Habari za Mangina

Kila Mkatoliki ajua kwamba mtoto akiisha kubatizwa, jina lake huandikwa katika kitabu cha parokia. Desturi hii ni ya kale. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko waandike majina ya wasimamizi wa ubatizo na ya watu waliofunga ndoa. Kitabu cha chanjo katika kituo cha afya ni ndugu ya kitabu hicho.

Sisi wa Mangina tulifundishwa jambo hili kwa machozi. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza ya kuwa Ebola imeingia katika Kivu ya Kaskazini, na Mangina ndipo palipotajwa kwanza. Tarehe 8 Agosti chanjo ikaanza hapa hapa. Waganga walifuata njia iliyotumika zamani kuiangamiza ndui: waliandika majina ya wote waliomkaribia mgonjwa, tena na ya wale waliokutana na hao, wakawachanja, kama watu wanaozungushia moto ua.

Lakini wengi waliogopa. Katika nchi ya vita, mtu akiulizwa majina ya jirani zake hujiuliza: Orodha hii itafika mikononi mwa nani? Tusiwacheke, hofu yao ilikuwa na sababu. Walakini kila jina lililofichwa lilikuwa tundu katika ua, na ugonjwa ukaweza kupita. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, ijapokuwa zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa.

Siku zile zile surua, ambayo haikusemwa sana, iliua katika Kongo nzima watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo, tangu 2019 hata mwanzo wa 2020. Chanjo yake yajulikana tangu 1963. Lakini watoto wengi hawakuipata.

Hapa ndipo kitabu kinapofaa. Mtoto huchanjwa kifua kikuu akizaliwa. Hurudi akiwa na majuma 6, 10 na 14. Akitimiza miezi 9 huchanjwa surua. Mwuguzi akikitazama kitabu mwisho wa mwezi, huona nafasi tupu kando ya jina. Nafasi hiyo ni mtoto: atafutwe nyumbani kwao. Pasipo kitabu, huhesabiwa waliokuja tu, wasiokuja hawaonekani. Na familia ikikimbia vita, kitabu hubaki nyuma. Kwa hiyo mama aichukue karti ya mtoto pamoja na nguo zake, na kituo kipya kimwandike upya.

Basi, mwenye kushika kitabu na atunze siri za watu, ili waaminifu wasiogope kutaja majina. Nasi walimu wa dini, tunapoandikisha ubatizo, tuulize pia habari za chanjo. Mchungaji mwema aliwaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Angalijuaje kwamba amepotea, kama asingaliwahesabu?