Pawa saplai ni kigeuza umeme

Neno pawa saplai limeshakaa midomoni mwa mafundi wa kompyuta, Morogoro na kwingineko nchini, na likitamkwa kila mtu anajua kinachotajwa: kile kisanduku cha bati chenye feni, kinachofungwa ndani ya kasha la kompyuta na kupokea waya unaotoka ukutani. Utata huanza pale jina hilo linapotakiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Anayelifasiri neno kwa neno hupata "ugavi wa umeme", na hiyo ni kazi ya TANESCO, inayoanzia kwenye mabwawa kama Kidatu na kuishia kwenye nguzo za Kihonda na Bigwa. Kisanduku hakifanyi kazi hiyo. Kinapokea umeme ambao umeshafika nyumbani, kinaugeuza uwe wa aina nyingine, na sehemu yake kinaipoteza katika kuugeuza. Ninashikilia kwamba istilahi yetu itaje kugeuza huko, yaani tukiite kigeuza umeme. Mfano unaoonyesha faida ya jina hilo kuliko mingine yote ni kompyuta ya kuchimbia sarafu za mtandaoni nyumbani, kwa sababu mashine hiyo haizimwi usiku wala mchana, na kila udhaifu wa kisanduku chake hulipiwa kwenye mita ya LUKU.

Umeme wa ukutani Tanzania ni mkondo geu wa volti 230, unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Prosesa, kumbukumbu na kadi za michoro haziwezi kuutumia ukiwa hivyo. Zinahitaji mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 au 3.3. Basi kisanduku kinaunyoosha mkondo, kinaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma ndogo iweze kuushusha, kisha kinaulainisha kwa kapasita kabla ya kuutoa kwenye nyaya. Kila hatua hula kidogo, na kinacholiwa hutoka kama joto. Ni kweli kwamba mwishoni umeme unagawanywa kwenda sehemu mbalimbali, na mtu angeweza kuunda jina kigavi kutokana na kitenzi -gawa, kama -lewa inavyotupa mlevi. Ni jina lililoundwa vizuri kisarufi. Lakini kugawa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi, nyaya tu zinaifanya; tena Mtanzania aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 atalisikia neno hilo likimwelekeza kwenye uhaba, si kwenye kompyuta. Kigeuza umeme limeundwa kwa njia ile ile ya kipaza sauti: kitenzi na kinachotendwa, hakuna cha kubahatisha.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mtu wa Kihonda ana fremu yenye kadi nne za michoro, na mashine yote kwa ndani inahitaji wati 600. Kigeuza chenye ufanisi wa asilimia 80 kitavuta wati 750 kutoka ukutani ili kutoa hizo 600. Chenye alama ya 80 PLUS ya ngazi ya dhahabu, ambacho kwenye volti 230 hutakiwa kufikia asilimia 92 kikiwa kimebeba nusu ya uwezo wake, kitavuta wati 652. Tofauti ya wati 98 inaonekana ndogo, lakini ikidumu saa 24 kwa siku 30 inafika uniti 70. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo EWURA iliiweka mwaka 2016 kwa wateja wa kawaida kabla ya kodi na tozo, hizo ni zaidi ya shilingi 20,000 kila mwezi, na kwa mwaka zinakaribia 250,000. Kuna kipimo kingine kinachonigusa zaidi ya fedha. Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa bei nafuu, hupewa uniti 75 kwa mwezi mzima: taa, redio, televisheni, simu za watu wote wa nyumba. Kigeuza dhaifu kinapoteza karibu kiasi hicho chote juu ya kile ambacho kigeuza kizuri kingepoteza, na hakuna hata sarafu moja inayochimbwa kwa umeme huo.

Jina la saplai linaificha hesabu hii kwa sababu linamfanya mnunuzi aulize swali moja tu: wati ngapi? Tena wengi huzielewa wati hizo vibaya. Hudhani kisanduku cha wati 1,200 kinakula wati 1,200, hivyo hununua kidogo ili kuokoa uniti. Namba hiyo ni kiwango cha juu kinachoweza kutolewa upande wa kompyuta. Kinachovutwa ukutani ni mahitaji ya mashine pamoja na hasara ya kugeuza. Kwa mashine yetu ya wati 600, kisanduku cha 1,200 kitafanya kazi kwenye nusu ya mzigo, pale ufanisi unapokuwa juu na feni haihangaiki. Mwenye kuwaza kuhusu kugeuza ataisoma lebo yote. Ataangalia ampea za upande wa volti 12, kwa kuwa kadi za michoro huchukua umeme wao karibu wote hapo: wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, na visanduku rahisi mara nyingi hujaziwa namba kubwa kwa kujumlisha volti 5 na 3.3 ambazo mchimbaji hazimsaidii. Ataangalia kama kinapokea volti 100 hadi 240 chenyewe, au kina ile swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Kisanduku cha mtumba kilichoachwa kwenye 115 huungua papo hapo kikichomekwa kwetu. Na ataangalia wati hizo zimepimwa kwenye joto gani, nyuzi 25 au 50. Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, mita kama 500 tu juu ya bahari, na chumba cha bati mwezi wa Desemba hakifanani na hewa ya Nyandira kule juu Mgeta. Jambo la mwisho ni la usalama: viunganishi vya SATA viliundwa kwa ajili ya diski na upande wa volti 12 havibebi zaidi ya wati 54. Kuvilazimisha vilishe kadi za michoro ni kutafuta moto ndani ya nyumba.

Atatokea wa kusema kwamba jina halibadili tabia ya mnunuzi, na kwamba pawa saplai imeshazoeleka. Ushahidi wa kinyume upo kwenye mita za nyumba zetu. LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na jina hilo limewafundisha watu namna chombo kinavyofanya kazi kuliko tangazo lolote. Fundi wa Msamvu aendelee kusema pawa saplai dukani kwake, sina ugomvi naye. Ninachodai ni jina la vitabu, vyuo na maelezo ya bidhaa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba inveta na transfoma nazo hugeuza umeme. Kweli. Ila hizo zina majina yaliyotulia, moja ikitoa mkondo geu kutoka kwenye betri, nyingine ikipandisha au kushusha volti. Kisanduku cha kompyuta bado hakina jina la Kiswahili lililotulia linalosema kazi yake, na atakayekiita kigeuza umeme atatambua mara moja kwamba chaja ya simu ni ndugu yake mdogo.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na kifaa cha shughuli isiyolipa. Hapa nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tangu Ethereum iachane na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi za michoro zimepoteza sarafu yake kubwa. Bitcoin inataka mashine maalumu: Antminer S19 Pro huvuta wati 3,250, zaidi ya ampea 14, ilhali plagi zetu za nyumbani ni za ampea 13. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Wanaofanikiwa jirani zetu wana mto wao wenyewe, kama Hifadhi ya Virunga, Kongo, iliyoanza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro uliokuwa haujapata wanunuzi. Vijito vya Uluguru vina wenyewe tayari: Ngerengere hujaza Bwawa la Mindu kwa ajili ya Morogoro, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Hata hivyo hesabu ya kigeuza haiwahusu wachimbaji peke yao. Ni ile ile kwa kompyuta za maabara ya shule, seva ya ofisi na mashine za uchapaji zinazoshinda zimewashwa. Mchimbaji anaiona haraka zaidi kwa sababu hazimi.

Ndiyo maana ninaliomba Baraza la Kiswahili la Taifa liipokee istilahi hii na kuijadili, na ninawaomba zaidi walimu wa Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, wanaowaandaa wale watakaowafundisha mafundi wa nchi nzima: waandike ubaoni kigeuza umeme, na chini yake waandike asilimia ya ufanisi kabla ya wati.