Herufi ni Mali ya Nani? Leseni za Fonti na Uhariri wa Tenzi

Wahakiki wamezoea kuuliza matini ni mali ya nani. Ni nadra kuuliza herufi zinazoibeba ni mali ya nani. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba swali hili, ambalo zamani lilimhusu mpigachapa, sasa linamhusu pia mhariri wa tenzi.

Katika enzi ya herufi za risasi, mpigachapa alizinunua zikawa zake, na msomaji aliuziwa alama ya wino tu. Fonti ya kompyuta, kinyume chake, ni programu itolewayo kwa masharti ya leseni. Nchini Marekani, kesi ya Eltra dhidi ya Ringer (1978) ilithibitisha kwamba umbo la herufi halina hakimiliki. Lakini katika kesi ya Adobe dhidi ya Southern Software (1998), programu inayolichora umbo hilo ilitambuliwa kuwa na hakimiliki.

Tofauti hiyo ilipata uzito kwa kuja kwa miundo ya PDF (1993) na EPUB (2007), inayoruhusu fonti kutiwa ndani ya kitabu chenyewe. Kila nakala ya kitabu sasa yaweza kubeba nakala ya programu. Kwa hivyo, leseni inayoruhusu kuchapa karatasini huenda isiruhusu kutia fonti kitabuni.

Tuchukue tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Sauti kama p, ch na v huhitaji herufi zisizokuwamo katika alfabeti ya Kiarabu. Fonti isipotiwa, chombo cha msomaji huteua nyingine, na herufi inayokosekana huweza kugeuka kisanduku kitupu. Hapo kinachoharibika si pambo bali ni matini: neno halisomeki, na kina hakithibitiki.

Mhariri basi asilazimike kuchagua kati ya kuvunja leseni na kuharibu utenzi. Leseni huria ya SIL, ambayo toleo lake la 1.1 lilitolewa mwaka 2007, huruhusu fonti kutiwa kitabuni na hata kuongezewa herufi, mradi isiuzwe peke yake. Fonti za Kiarabu za Scheherazade New na Amiri zimo chini yake.

Kwa kuhitimisha, kama mhariri anavyowajibika kutaja miswada aliyoitumia, vivyo hivyo na aitaje katika dibaji fonti aliyoitia na leseni yake.