Ufa Unaotembea Kimyakimya

Leo tuache habari za seva na programu kidogo, ingawa mwishowe nitarudi huko huko. Ugonjwa wa kazi huu!

Julai 2007 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Nairobi. Ardhi ilitikisika kwa siku kadhaa, watu wakawa wanashuka ngazi mbio kutoka maghorofani. Chanzo kilikuwa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, karibu na Ziwa Natron na mlima Gelai. Tetemeko kubwa zaidi, la Julai 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba vipimo vya setilaiti vilionyesha jambo la ajabu: sehemu kubwa ya mwendo ule haikutikisa chochote. Ufa uliteleza polepole, kisha magma ikapenya chini kwa chini. Tuliyoyahisi sisi yalikuwa kidogo tu.

Basi nikajiuliza: ufa ukianza kuteleza kimyakimya, je, unatuonya kwamba kubwa linakuja? Dalili ya mvua si mawingu?

Walioliuliza swali hili kwa muda mrefu ni Wajapani. Kwao bamba moja la dunia linasukumwa chini ya lingine. Mahali yaliposhikana, nguvu hujikusanya kama upinde unaovutwa. Kwa kawaida huachia ghafla, kwa sekunde au dakika chache. Lakini mara nyingine huachia taratibu, kwa siku, miezi au hata miaka. Mtambo wa kupimia matetemeko hausikii kitu. GPS ndiyo huona.

Zamani hakukuwa na GPS. Mwaka 1944 mtaalamu Akitsune Imamura, aliyeamini kwamba tetemeko lilikuwa karibu, alikuwa ameomba ardhi ipimwe upya karibu na mji wa Kakegawa. Wapimaji walikuwa kazini Desemba 7, siku lilipopiga tetemeko la Tonankai, lenye ukubwa wa takriban 8. Baadaye vitabu vyao vilipochunguzwa, ilionekana vipimo vya kwenda na vya kurudi vilikataa kulingana kabla ya tetemeko, kana kwamba ardhi ilikuwa inainama. Wengine wanasema ni makosa ya kipimo tu. Mjadala haujaisha.

Hata hivyo matumaini yalipanda. Mwaka 1978 Japani ilitunga sheria: dalili zikionekana katika eneo la Tokai, waziri mkuu angeweza kutangaza tahadhari, treni zisimame na shule zifungwe. Mitambo ikatandazwa, watu wakasubiri.

Halafu kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, ufa wa Tokai ukateleza kweli! Polepole, na GPS ikauona. Na tetemeko kubwa? Halikuja.

Lililokuja lilipiga kwingine. Machi 11, 2011, pwani ya Tohoku, ukubwa wa 9.0. Zaidi ya watu 18,000 walikufa au hawakupatikana. Siku mbili kabla kulikuwa na tetemeko la 7.3, na wataalamu waliporudi kwenye kumbukumbu waligundua kwamba matetemeko madogo yalikuwa yamesogea hatua kwa hatua kuelekea mahali kubwa lilipoanzia, ishara ya ufa kuteleza taratibu. Wengine wakafungua data za GPS za miaka 15, wakaona mwendo wa ardhi ulikuwa umebadilika kidogo kidogo kwa miaka mingi kabla. Ishara ilikuwamo kwenye data siku zote. Ila ilionekana baada ya maafa.

Mwaka 2017 serikali ya Japani ikakubali kwamba utabiri wa uhakika hauwezekani, ikaacha mpango ule wa Tokai.

Sasa narudi kwenye kazi yangu, kama nilivyoahidi. Julai 2023 Quentin Bletery na Jean-Mathieu Nocquet walijumlisha data za GPS za matetemeko 90 makubwa, wakaona ardhi ikianza kuteleza kama saa mbili kabla. Dunia ikashangilia. Siku chache baadaye Judith Hubbard na Kyle Bradley walichukua data zilezile, wakaondoa kelele inayovipata vituo vingi kwa pamoja. Ishara ikatoweka. Jamani, nani kati yetu hajawahi kusherehekea matokeo mazuri, kumbe ni kelele?

Tatizo hasa ni hili. Kazini nimewahi kukaa zamu na mfumo uliopiga kengele kila usiku bila sababu. Wiki ya tatu tukaanza kuipuuza, na siku seva ilipoanguka kweli, kila mtu alikuwa amelala. Kwetu zilipotea saa chache tu. Ukihamisha mji mzima mara tatu bure, mara ya nne nani atatoka? Na ukinyamaza ili usionekane mwongo, maji yakija utawaambia nini waliobaki?

Kwa hiyo mimi sisemi utafiti huu ni bure. Kuteleza polepole ni kweli, na mara nyingine hutangulia tetemeko kubwa. Lakini mara nyingi hupita tu. Si kila wingu lina mvua. Hadi tujue kuyatofautisha, jengo lililojengwa vizuri litaokoa wengi kuliko utabiri wowote.

Haya, tuonane wiki ijayo, seva zikiruhusu.