Lenzi ya zamani, kamera ya dijitali: jinsi ya kupiga picha za wadudu kwa bei poa

Vijana wa Kilosa, Mikumi na Kidodi mnauliza sana jinsi ya kupiga picha za makro, yaani za vitu vidogo kwa karibu kabisa, bila mkwanja mrefu. Leo naweka yote sehemu moja, chapisha ukae nayo.

KWA NINI TUJISUMBUE
Huku kwetu mdudu sio mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kilosa ilikuwa wilaya ya majaribio ya utabiri wa viwavijeshi, wanakijiji wenyewe wakihesabu nondo kwenye mtego. Mwaka 2017 akaingia mwingine nchini, kiwavijeshi vamizi, anayejificha ndani ya moyo wa mhindi. Yule wa zamani anatembea kwa makundi, huyu anakaa hapo hapo anakula. Ukitaka bwana shamba au wataalamu wa TARI Ilonga wamtambue kwa picha, lazima waone alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba, kwenye pingili ya pili kutoka mkiani. Picha yenye ukungu haimsaidii mkulima, atanunua dawa kwa kubahatisha.

KWA NINI LENZI YA ZAMANI INATOSHA
Lenzi nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980 hazina chipu wala fokasi ya kujiendesha, unazungusha kwa mkono. Kwa ndege anayeruka pale Mikumi hiyo ni shida. Kwa mdudu wala! Hata wenye lenzi mpya za makro wengi wanazima fokasi ya kujiendesha. Kwa hiyo unachokikosa ni kitu ambacho ungekizima.

MDOMO WA KAMERA
Hapa ndipo wengi wanapigwa hela. Kila aina ya kamera ina umbali wake kutoka mdomo, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa. Lenzi za skrubu za M42 zinataka mm 45.46.
- Canon EOS (mdomo wa EF) ni mm 44. Pete nyembamba inajaza pengo na kila kitu kinafanya kazi, karibu na mbali.
- Nikon ni mm 46.5, yaani hakuna pengo la kujaza. Lenzi inakaa mbele kidogo na haitaona vizuri vitu vya mbali. Wauzaji watakupa pete yenye kioo ndani. Usichukue! Kile kioo kinapunguza ubora, na wewe unapiga vya karibu. Chukua pete tupu.
- Sony E ni mm 18 tu, hivyo inapokea karibu lenzi zote za zamani. Pete yake ni ndefu kama kikopo.
Lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazijachongwa upya zinaweza kuvunja kidude cha mdomoni kwenye kamera kama D7000. Kwenye D3100 zinaingia salama, ila kamera haipimi mwanga, tumia M.

LENZI ZA KUTAFUTA
Anza kuulizia kwa wapiga picha wa zamani wenye kamera za filamu kabatini. Micro-Nikkor 55mm inafika nusu ya ukubwa halisi wa mdudu, inatosha kwa kiwavi mzima. Helios 58mm au lenzi yoyote ya 50mm sio ya makro, lakini ukiiwekea pete za kurefusha inakuwa.
Hesabu ni rahisi: gawa urefu wa pete kwa namba ya lenzi. Seti ya kawaida ya M42 ni mm 7, 14 na 28, jumla 49. Kwenye lenzi ya 50mm unapata karibu moja kwa moja: kwa Canon za kawaida, kitu cha sm 2 kinajaza picha nzima. Hapo unapiga kichwa peke yake.

KABLA HUJATOA HELA
Mulika ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, achana nayo. Zungusha namba za tundu uone kama vibati vinafunga bila kunata. Kwenye M42 tafuta swichi ya A/M, iweke M, la sivyo tundu halitafunga.

SHAMBANI
1. Kamera kwenye M. Kwenye Sony ruhusu kwanza kupiga bila lenzi, ipo kwenye menyu.
2. Tundu f/8 au f/11. Ukifika moja kwa moja mwanga unabaki kama robo, kwa hiyo tumia flashi ukiifunika karatasi nyeupe, shata 1/160.
3. Usizungushe fokasi. Sogeza mwili mbele na nyuma taratibu, bonyeza macho au alama inapokuwa kali.
4. Piga nyingi. Kinachoonekana vizuri ni milimita chache tu. Kichwa picha yake, mkia picha yake.
5. Weka rula pembeni ili mtaalamu ajue ukubwa.

Angalizo mawili. Flashi za zamani sana zinaweza kutoa volti nyingi zikaua kamera, zipime kwanza kwa mita ya fundi umeme. Na ndani ya Hifadhi ya Mikumi usishuke garini kufuata mdudu, kushuka ni sehemu zilizoruhusiwa tu. Wadudu wapo wengi tu huku mashambani.

Ukiwa na lenzi ambayo hujui mdomo wake, andika jina lililoandikwa mbele ya kioo hapo chini kwenye maoni, tutasaidiana. Nawakilisha.