George Hoadley: Mfugaji na Sheria ya Kizazi

Jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, liliundwa mwaka 1905 katika nchi ya nyasi na ranchi. Miongoni mwa wafugaji waliojitosa katika siasa zake alikuwamo George Hoadley, Mwingereza aliyelowea karibu na mji mdogo wa Okotoks. Alichaguliwa mwaka 1909 kwa chama cha Wahafidhina, hata akawahi kukiongoza. Na mwaka 1921 wakulima waliposhika serikali kwa chama chao wenyewe, alihamia kwao akapewa Wizara ya Kilimo. Wapiga kura wake hawakumtupa mkono. Alikaa bungeni miaka 26.

Mwaka 1923 aliongezewa Wizara ya Afya. Alizijua shida za watu wa mashamba, walioishi mbali na daktari, na tangu mwaka 1924 serikali ilipeleka kwao kliniki za kusafiri.

Lakini ndiye pia aliyeufikisha bungeni muswada wa sheria ya mwaka 1928, iliyoruhusu wagonjwa wa hospitali za akili waondolewe uwezo wa kuzaa. (Kitenzi kufunga kizazi hakifai hapa, kwani chadokeza hiari ya mtu, na kuhasi ni neno la zizini.) Ridhaa ilitakiwa, ni kweli. Asiyeweza kuitoa, jamaa zake waliitoa. Nao wasipokuwapo, ridhaa ya waziri ilitosha. Bodi iliyoamua mashauri hayo iliongozwa hadi mwaka 1965 na John MacEachran, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Alberta. Yafaa wanavyuo walikumbuke hilo.

Kusema kwamba mfugaji aliihamishia elimu ya zizini kwa binadamu ni rahisi mno. Madaktari, wasomi na chama cha wanawake wa mashambani waliitaka sheria hiyo. Kliniki na kisu vilitoka katika imani moja, kwamba serikali huijua kheri ya mwili wa raia kuliko raia mwenyewe.

Mwaka 1935 Hoadley alipitisha sheria ya bima ya afya, lakini mwezi Agosti chama chake kilipoteza viti vyote, na sheria hiyo haikutekelezwa kamwe. Ile ya 1928 ilidumu hadi mwaka 1972, watu zaidi ya 2,800 wakiwa wamekwisha kupasuliwa. Mmojawapo, Leilani Muir, aliyepasuliwa mwaka 1959 akiambiwa kwamba anatolewa kidole tumbo, aliishtaki serikali ya jimbo. Mwaka 1996 mahakama ikaamuru alipwe zaidi ya dola 740,000 za Kanada.